Churchill: Aliisifu baiskeli Uganda, akashtushwa na vifo vya Kisii

Barabara itokayo Kisii kuelekea Sotik hupanda taratibu katikati ya migomba, mashamba ya chai na mikaratusi hadi Keroka, mji wa soko ulioketi mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira. Mwenye baiskeli huku hupanda kwa jasho na kuteremka kwa hadhari, na mara nyingi huishuka na kuisukuma, hasa ikiwa imebeba ndizi. Kila bonde lina kijito chake, na vijito hivyo hatimaye huishia katika Ziwa Victoria.

Mapema mwaka wa 1908, vilima vya Gusii vilifuka moshi. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu, na wanaume wenye mikuki wakapigwa risasi na askari wa serikali ya kikoloni. Habari za operesheni hiyo zilisafiri kwa telegramu hadi London na kufika mezani pa naibu waziri wa makoloni, kijana wa miaka 33 aliyekuwa ndio kwanza arejee kutoka safari ndefu ya Afrika Mashariki. Miezi michache tu kabla ya hapo alikuwa Uganda, akiendesha baiskeli katika vijia vya msituni kati ya maziwa mawili makubwa ya Mto Nile. Jina lake lilikuwa Winston Churchill.

Ulimwengu humkumbuka kama waziri mkuu aliyeiongoza Uingereza katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Katika historia ya Abagusii, hata hivyo, ana nafasi nyingine ambayo haisimuliwi mara kwa mara. Ndiye mkubwa wa serikali ya Uingereza aliyeyaona mauaji ya Kisii kuwa ya kupita kiasi, akaandika hivyo, kisha akaendelea na kazi ya dola ileile iliyoyatenda.

Mwana wa ukoo mkubwa

Winston Leonard Spencer Churchill alizaliwa Novemba 30, 1874, katika jumba la Blenheim, makao ya ukoo wa Madyuki wa Marlborough. Baba yake, Lord Randolph Churchill, alikuwa mwanasiasa mashuhuri aliyepata kuwa waziri wa fedha mwaka wa 1886. Mama yake, Jennie Jerome, alikuwa Mmarekani, binti wa tajiri wa New York.

Utotoni hakuonyesha dalili za ukuu. Shuleni Harrow hakung'aa, na mtihani wa kujiunga na chuo cha kijeshi cha Sandhurst aliufaulu katika jaribio la tatu. Baba yake alifariki Januari 1895, na mwaka huohuo kijana akaingia katika kikosi cha wapandafarasi. Alitumwa India, na huko ndiko alikojifunza kwa bidii yake mwenyewe, akisoma vitabu vya historia na falsafa saa za joto kali wenzake walipokuwa wamelala.

Afrika aliiona kwa mara ya kwanza akiwa na upanga na bastola. Mwaka wa 1898 alijiunga na jeshi la Jenerali Kitchener lililokwea Mto Nile kwenda kuiangusha serikali ya Mahdi nchini Sudan. Septemba 2 mwaka huo alishiriki vita vya Omdurman, ambako silaha za kisasa ziliwafyeka maelfu ya wapiganaji wa Sudan katika muda wa saa chache. Baada ya ushindi, kaburi la Mahdi lilibomolewa, mifupa yake ikatupwa mtoni, na fuvu lake likachukuliwa.

Churchill hakuyanyamazia hayo. Katika kitabu chake kuhusu vita hivyo, kilichotoka mwaka wa 1899, alikishutumu waziwazi kitendo cha kulivunjia heshima kaburi la Mahdi na kukichukua kichwa cha marehemu. Yalikuwa maneno mazito kwa afisa mdogo kumtolea jenerali aliyeshangiliwa na taifa zima. Hata hivyo, hakutilia shaka haki ya Uingereza kuitawala Sudan. Pande hizo mbili, huruma kwa walioshindwa na imani katika dola, zilikaa pamoja moyoni mwake hadi uzeeni.

Mwishoni mwa 1899 alikwenda Afrika Kusini kama mwandishi wa habari za vita vya Makaburu. Alitekwa, akafungwa Pretoria, akatoroka, na alipofika salama katika bandari ya Wareno huko Delagoa Bay alikuwa tayari shujaa wa magazeti. Mwaka wa 1900 alichaguliwa mbunge kwa tiketi ya chama cha Conservative. Mwaka wa 1904 alivuka ukumbi wa bunge na kuhamia chama cha Liberal, na chama hicho kilipoingia madarakani Desemba 1905 aliteuliwa naibu wa waziri wa makoloni, Lord Elgin. Kwa kuwa Elgin aliketi katika bunge la mabwanyenye, Churchill ndiye aliyeyajibu maswali kuhusu makoloni katika bunge la wawakilishi.

Safari ya 1907

Msimu wa mapukutiko wa 1907 aliamua kwenda kuyaona kwa macho yake maeneo aliyokuwa akiyasoma kwenye majalada. Alipitia Malta, Cyprus na Somalia, na Oktoba 28 meli ya kivita ya Venus ikamshusha Mombasa. Pamoja naye walikuwa katibu wake Edward Marsh, Kanali Gordon Wilson aliyekuwa mume wa shangazi yake, na mtumishi wake George Scrivings.

Kutoka Mombasa walipanda garimoshi la Reli ya Uganda. Njia hiyo ya reli ilikuwa imeanza kujengwa mwaka wa 1896 kwa mikono ya vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, na ilifika ufuoni mwa Ziwa Victoria Desemba 1901. Churchill na wenzake waliketi katika benchi lililofungwa mbele kabisa ya injini, upepo ukiwapiga usoni, wakitazama makundi ya wanyama katika nyika. Huko Simba walishuka kuwinda vifaru.

Nairobi ilikuwa mji mchanga wa mabati na mahema. Walowezi walimzingira kwa malalamiko na madai, wakitaka ardhi ya nyanda za juu iwe yao pekee, na wakitaka serikali iwalazimishe Waafrika kuwafanyia kazi. Alisafiri pia hadi Thika na Murang'a, iliyokuwa ikiitwa Fort Hall, akastaajabia rutuba ya nchi ya Wakikuyu. Aliona kwamba wageni hao wachache walikuwa tayari wanagombana kuhusu kila kitu, na kwamba kuwaachia wao hatima ya wenyeji kungekuwa hatari. Aliona vilevile kwamba Wahindi walikuwa wamekuwako pwani kabla ya Mzungu na hawangeweza kutendewa kama wavamizi.

Kisha reli ikamfikisha Kisumu. Kusini mwa mji huo, ng'ambo ya ghuba na tambarare za Wajaluo, viliinuka vilima vya Gusii. Kwa mwendo wa baiskeli ambao angeuzoea majuma machache baadaye, angefika Getembe, mahali penye mji wa Kisii wa leo, kwa muda wa siku tatu hivi. Hakwenda. Alipanda meli, akavuka ziwa hadi Entebbe.

Nile, msitu na magurudumu mawili

Uganda ilimpendeza kuliko nchi zote alizozipitia, na kitabu chake kilisaidia kulieneza jina la lulu ya Afrika lililobandikwa nchi hiyo. Kampala alikutana na Kabaka Daudi Chwa, aliyekuwa mtoto wa miaka 11, na akaona shule, makanisa na baraza la machifu waliojua kusoma na kuandika.

Lakini uzuri huo ulikuwa umefunika msiba. Tangu mwanzoni mwa karne, ugonjwa wa malale uliosambazwa na mbung'o ulikuwa umeua watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 200,000 katika mwambao na visiwa vya Ziwa Victoria upande wa Uganda. Vijiji vizima vilikuwa vimebaki vichaka, na serikali ilikuwa ikiwahamisha wakazi waliosalia kutoka ufuoni.

Jinja alisimama mbele ya maporomoko ya Ripon, mahali Nile ilipotoka ziwani kuanza safari yake ya kwenda Misri. Wakati wengine waliona mandhari, yeye aliona nguvu inayopotea bure. Alipendekeza maji hayo yatumiwe kuzalisha nishati, na faida yake ibaki mikononi mwa serikali badala ya kampuni za watu binafsi. Wazo hilo lilingoja miaka 47.

Kutoka Jinja msafara ulifuata Nile kuelekea kaskazini, ukavuka Ziwa Kyoga kwa mitumbwi, ukakanyaga tena ardhi kavu hadi Masindi, kisha ukapenya misitu ya Bunyoro kuelekea maporomoko ya Murchison. Wapagazi walibeba mahema, chakula na masanduku vichwani. Katika sehemu hiyo ya safari ndipo Churchill alipovumbua, kwa mshangao wake mwenyewe, kwamba chombo bora kuliko vyote vya kusafiria katika bara hili hakikuwa farasi, wala machela, wala gari, bali baiskeli.

Sababu yake ilikuwa rahisi. Vijia vya Uganda vilikuwa vimelainishwa na nyayo za watu kwa vizazi vingi, hata vikawa vigumu na sawa kama sakafu wakati wa kiangazi. Hata pale njia ilipokuwa na upana wa nusu mita tu, huku nyasi na matawi yakikaribia kukutana juu ya kichwa, magurudumu yaliteleza bila shida. Mpandaji alilazimika kushuka mara kwa mara penye mawe, kijito au mlima mkali, lakini bado aliweza kwenda kilomita 11 kwa saa. Churchill alipiga hesabu kwamba mtu angeweza kusafiri kati ya kilomita 40 na 48 kila siku, karibu mara tatu ya mwendo wa kawaida wa msafara, mradi tu wapagazi watangulizwe. Alijuta kwamba hakulijua jambo hilo mapema. Angelijua, angefika Toro na kuteremka katika bonde la Mto Semliki, na kulipitia Ziwa Albert kutoka mwanzo hadi mwisho.

Aliona pia kwamba karibu kila afisa Mwingereza aliyekutana naye alikuwa na baiskeli, na kwamba machifu Waafrika nao walikuwa wameanza kuzinunua. Akapendekeza nyumba za mapumziko zijengwe kwa mawe kila baada ya kilomita 48 hivi katika njia kuu, zikiwa zimezibwa wadudu wasiingie.

Lakini pendekezo hilo halikuwa la starehe ya watalii. Baiskeli, kwa fikira zake, ilikuwa chombo cha utawala. Afisa mmoja aliyeweza kusafiri mara tatu ya mwendo wa miguu angeweza kulisimamia eneo kubwa zaidi na kuufikisha mkono wa serikali mahali ambapo haujafika. Njia zilizochongwa na nyayo za wenyeji zingemfikisha mlangoni mwao yule anayewatawala.

Bunyoro yenyewe ilikuwa shahidi wa jambo hilo. Omukama Kabalega alipigana na Waingereza kwa miaka mingi hadi alipokamatwa mwaka wa 1899 na kupelekwa uhamishoni Shelisheli. Mwaka huohuo wa 1907, miezi michache kabla ya Churchill kufika, Wanyoro walikuwa wamegoma kutawaliwa na machifu wa Kiganda waliowekwa na serikali, mgomo uliojulikana kama Nyangire, na viongozi wao wakaadhibiwa. Ukimya wa misitu aliyoisifu mgeni kwa vipepeo na miti yake mirefu ulikuwa, kwa sehemu, ukimya wa nchi iliyopungua watu kwa vita, njaa na maradhi.

Mwisho wa msitu aliyafikia maporomoko ya Murchison, ambako mto mzima wa Nile hujibana katika mwanya wa mwamba wenye upana wa mita saba hivi na kuanguka mita zaidi ya 40. Chini yake, kijiji cha Fajao kilikuwa mahame kwa sababu ya malale. Kutoka hapo alisafiri kwa mashua na kwa miguu hadi Gondokoro, kisha kwa meli hadi Khartoum. Hapo mtumishi wake Scrivings, aliyeivuka Afrika Mashariki yote akiwa mzima, aliugua ghafla na kufariki Desemba 1907. Churchill alimzika katika mji ambao miaka tisa kabla aliwazika wenzake wa kikosi cha wapandafarasi.

Telegramu kutoka Gusii

Alirejea London katikati ya Januari 1908. Katika siku hizohizo, tukio lilikuwa limetokea katika nchi ya Abagusii.

Gusii ilichelewa kuingia chini ya utawala wa Uingereza. Mwaka wa 1905 kikosi cha serikali kiliivamia, kikaua watu na kutwaa mifugo kwa maelfu, kisha kikaondoka. Mwaka wa 1907 serikali ilirudi na kujenga kituo Getembe, chini ya afisa kijana, Geoffry Northcote, ambaye wenyeji walilitamka jina lake Nyarigoti. Kodi ya nyumba ilianza kudaiwa, na ng'ombe wa wasiotii wakaanza kutwaliwa.

Waliopinga walipata sauti kwa Moraa wa Ng'iti, mwanamke wa Kitutu aliyeheshimiwa kama mganga na mwonaji. Simulizi za Abagusii zinaeleza kwamba aliwakemea vijana kwa kukubali kutawaliwa na mgeni, na kwamba jamaa yake, Otenyo Nyamaterere, aliliitikia neno lake. Januari 1908 Otenyo alimvizia Northcote njiani na kumchoma mkuki. Afisa huyo alijeruhiwa lakini akapona. Aliendelea kupanda ngazi za utumishi hadi akawa gavana wa Hong Kong kati ya 1937 na 1941.

Kwa jeraha la mtu mmoja, Gusii ililipa gharama isiyopimika. Askari wa King's African Rifles na polisi walitumwa wakiwa na bunduki za rashasha. Walichoma nyumba na maghala, wakakusanya ng'ombe, mbuzi na kondoo kwa maelfu, na kuwapiga risasi waliokimbia pamoja na waliosimama kupigana. Mwanzoni mwa Februari, ripoti zilizofika London zilitaja kwanza watu 100 waliouawa, kisha 160, na upande wa serikali haukuwa umepata hasara ya kutajwa.

Churchill alizisoma na kushtuka. Aliandika kwamba hakupendezwa na namna ripoti hizo zilivyoandikwa. Alikubali kuwa koo zilizohusika zingestahili adhabu, lakini akaona kwamba kilichokuwa kikifanyika kilifanana na uchinjaji wa watu wasio na kinga, na kwamba hapakuwa na haja ya kuendelea kuua kwa kiwango hicho. Alionya vilevile kwamba bunge likipata habari hizo, mipango yote ya serikali katika Afrika Mashariki ingetiwa doa. Gavana, Sir James Hayes Sadler, alitumiwa telegramu ya kueleza masikitiko hayo.

Ilikuwa karipio la nadra. Katika zama hizo operesheni za kuadhibu makabila zilikuwa kawaida, na maafisa wengi wa London walizitia sahihi ripoti zake bila swali. Waliomtetea Churchill katika miaka iliyofuata wameitaja hati hiyo kama ushahidi wa utu wake, na kwa haki, kwa kuwa aliyaona yale ambayo wengine hawakutaka kuyaona.

Lakini hati hiyo ina mipaka yake. Hofu ya bunge imo ndani yake sambamba na huruma. Hakuna afisa aliyeshtakiwa. Ng'ombe waliotwaliwa hawakurejeshwa. Kituo cha Getembe hakikuondolewa, na kodi iliendelea kukusanywa. Otenyo alikamatwa na kuuawa, na simulizi za Abagusii zinashikilia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza. Mtu aliyemshutumu Kitchener kwa sababu ya kichwa cha Mahdi hakuacha andiko linalojulikana kuhusu kichwa cha Otenyo.

Kuanzia Machi 1908, makala yake ya safari yalianza kuchapishwa katika jarida la Strand, na baadaye mwaka huo yakatoka kama kitabu, My African Journey. Wasomaji wa Uingereza walipata humo misitu, mito, viboko na sifa za baiskeli. Mwezi wa Aprili alipandishwa cheo na kuwa waziri wa biashara, na majalada ya makoloni yakaondoka mezani pake. Septemba alimwoa Clementine Hozier.

Anarudi kwenye majalada ya Kenya

Maisha yaliyofuata yanajulikana zaidi. Alikuwa waziri wa mambo ya ndani, kisha wa jeshi la majini, na mwaka wa 1915 akaanguka kwa sababu ya kampeni ya Dardanelles iliyoshindwa vibaya. Aliinuka tena, na Februari 1921 akateuliwa waziri wa makoloni, safari hii akiwa mkuu wa wizara yenyewe.

Kenya, iliyotangazwa koloni mwaka wa 1920, ilikuwa tena chini yake. Mwaka wa 1907 alikuwa na shaka kuhusu walowezi. Januari 1922, katika karamu mjini London, aliwahakikishia kwamba nyanda za juu zingetengewa Wazungu. Machi 16 mwaka huo umati uliokusanyika Nairobi kudai kuachiliwa kwa Harry Thuku ulifyatuliwa risasi. Watu zaidi ya 20 waliuawa, akiwemo Mary Muthoni Nyanjiru aliyekuwa mstari wa mbele. Maneno makali ya 1908 hayakusikika tena kwa namna ile.

Mei 10, 1940, akawa waziri mkuu, na ujasiri wake dhidi ya Hitler ukampa heshima ambayo haijafifia. Vijana wa Kenya, wakiwemo wa Gusii, walivaa sare za King's African Rifles, kikosi kilekile kilichotumwa kwao mwaka wa 1908, wakapigana Ethiopia na Burma kwa ajili ya uhuru wa mataifa mengine. Walirudi nyumbani wakiuliza uhuru wao uko wapi.

Churchill alishindwa uchaguzi mwaka wa 1945, akarejea madarakani Oktoba 1951. Ni chini ya serikali yake ambapo hali ya hatari ilitangazwa Kenya Oktoba 20, 1952, kupambana na Mau Mau. Kabla ya hali hiyo kuondolewa mwaka wa 1960, watu zaidi ya 1,000 walinyongwa na makumi ya maelfu wakafungwa kambini bila kesi. Mwaka wa 1953, vita hivyo vikiendelea, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Mwaka wa 1954, akiwa bado waziri mkuu, Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls mjini Jinja. Ndoto ya 1907 ilikuwa imetimia. Maji ya bwawa yaliyameza maporomoko ya Ripon, na umeme wake ukasafirishwa hadi Kenya.

Alijiuzulu Aprili 1955, na akafariki Januari 24, 1965, akiwa na umri wa miaka 90. Mazishi yake yalikuwa ya kitaifa, na mwili wake ulilazwa katika kaburi la kijijini Bladon, karibu na jumba alikozaliwa. Kenya ilikuwa imepata uhuru wake mwaka mmoja na mwezi mmoja tu kabla ya hapo.

Njia na deni

Njia aliyoipita kwa baiskeli bado inaweza kufuatwa. Maporomoko ya Murchison yamo ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka wa 1952, na kati yake na Masindi uko msitu wa Budongo, maarufu kwa mivule, mikangazi na sokwe. Vijia vingi vimekuwa barabara, na baadhi yake zimetiwa lami kwa ajili ya mradi wa mafuta. Baiskeli nayo ilikwenda mbali kuliko alivyotabiri. Haikubaki ya maafisa na machifu. Mpakani Busia ilizaa bodaboda, na katika Nyanza ikawa mguu wa mchuuzi, mwalimu na mkunga, kabla ya pikipiki kuchukua nafasi yake.

Gusii haina njia ya Churchill, kwa maana hakuikanyaga. Ina kumbukumbu za mwaka wa 1908. Mwaka wa 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto na kukubali kuwalipa fidia Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari. Malipo hayo hayakuwahusu waliouawa, waliochomewa nyumba wala walionyang'anywa mifugo katika vilima vya Gusii, ingawa aliyekuwa naibu waziri wa makoloni alikwisha kuandika, wakati mambo yenyewe yakitendeka, kwamba yalipita kiasi.

Kwa miaka mingi wazee na viongozi wa Abagusii wamedai kichwa cha Otenyo kirudishwe ili azikwe kwa heshima katika ardhi ya Kitutu. Fuvu la Mahdi, ambalo Churchill alilitetea mwaka wa 1899, lilizikwa hatimaye Wadi Halfa, kando ya Nile. La Otenyo bado linangojewa nyumbani.